Nimefika herufi D, za A zimeshanitoka

"Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 61, nauza vitenge na khanga soko la Mgandini hapa Tanga. Mwanangu anaishi Leeds, Uingereza, ameniita nikapumzike kwake mwezi na nusu. Nitapanda ndege Dar, nitabadilisha ndege njiani, nitashuka London, kisha nitapanda treni hadi Leeds maana siku hiyo yeye yuko kazini, atanipokea stesheni. Kiingereza nilisoma hadi kidato cha pili, na miaka mingi imepita. Mpwa wangu amenichapishia maneno 600 ya safari, yamepangwa A hadi Z, ananiambia nikariri ishirini kila siku. Nimefika D, za A zimeshanitoka. Nikisikia Mzungu anaongea kwenye televisheni siambulii kitu. Jirani naye ananitisha kwamba bila kufaulu mtihani wa Kiingereza nitarudishwa hapo hapo uwanjani. Nimebakiza wiki kumi. Je, kichwa changu kimeshazeeka? Nianzie wapi?"

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya yote nataka nikutoe hofu aliyokutia jirani. Anayekwenda Uingereza kutembelea ndugu, kwa viza ya mgeni ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi sita, hatakiwi mtihani wa Kiingereza. Mitihani hiyo ni ya baadhi ya watu wengine, kama wanafunzi, wafanyakazi na wanaokwenda kuishi na wenzi wao. Wewe utaulizwa maswali mafupi kwenye dirisha la uhamiaji, na ukiona huelewi unaruhusiwa kuomba mkalimani. Sentensi ya kuombea ni hii, uiandike leo: "I speak Swahili. Can I have an interpreter, please?" Ukiweza kuitamka hiyo tu, umeshatoka kwenye lile shimo alilokuchorea jirani.

Sasa kichwa chako. Hakijazeeka, kimebebeshwa mzigo vibaya. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima zinavyomtoka kadiri muda unavyopita. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, saa chache za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikisha zaidi kuliko kurundika kwa mkupuo. Sisi watu wa pwani tulilijua hilo chuoni. Hakuna mtoto aliyehifadhi juzuu kwa kusoma aya ishirini mpya kila siku bila kugeuka nyuma. Ulidurusu ya jana kabla hujapewa ya leo, na ulisoma kwa sauti, bila msahafu, huku mwalimu akikusikiliza. Mpwa wako, kwa nia njema, amekupa ya leo tu. Ya jana hayana siku yake.

Kosa la pili ni hiyo A hadi Z. Katika orodha ya herufi, "aisle" inakaa jirani na "airport", na "arrival" iko mbali na "passport", kana kwamba utasafiri ndani ya kamusi. Na hata mtu akitengeneza orodha kwa mada, mara nyingi anaweka vinyume pamoja: "arrival" na "departure", "push" na "pull", siku moja. Vikiingia pamoja vinachanganyana kichwani kama mapacha waliovishwa nguo sare. Nina mwanafunzi, fundi cherehani, aliyejifunza "arrival" na "departure" jioni moja. Baada ya miezi alikuwa bado anasita kidogo kila alipokutana na mojawapo. Jifunze "departures" wiki ya kwanza, kwa sababu ndilo utakaloliona kwanza, Dar. "Arrivals" ije wiki ya nne, "departures" ikiwa imeshakaa.

Kwa hiyo iweke pembeni karatasi ya mpwa. Chukua daftari dogo uigawe safari yako kwa vituo, kama vile ungemwelekeza mtu toka Kange hadi Mgandini. Mlango wa uwanja. Kaunta ya kukabidhi mizigo. Ukaguzi. Uhamiaji. Kusubiri ndege. Ndani ya ndege. Kubadilisha ndege. Uhamiaji wa kule. Kuchukua begi. Forodha. Treni. Kila kituo kina maneno mawili matatu utakayoyaona yameandikwa ukutani, swali moja au mawili utakayoulizwa, na jibu lako. Ukijumlisha yote hayafiki mia. Kwenye kaunta, kwa mfano, utaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe, "Did you pack your bags yourself?", nawe utajibu "Yes, I did." Utapewa "boarding pass", kile kikaratasi cha kupandia, na kitakuwa na neno "gate" na namba. Basi, kituo hicho kimekwisha.

Na una mtaji ambao umeusahau. Tiketi, stesheni, pasipoti, viza, begi, risiti, koti, sweta, teksi, hoteli: hayo yote ni Kiingereza ulichokivisha kanzu ya Kiswahili. Kazi yako ni kuivua, hasa ile irabu ya mwisho. "Tiketi" inakuwa "ticket", imekatwa pale kwenye t. "Stesheni" inakuwa "station". Angalia tu yale ambayo hayarudi kwao. Foleni asili yake inasemwa ni amri ya kijeshi ya Kiingereza, "fall in", jipangeni. Lakini Mwingereza wa leo ukimwambia foleni hatakuelewa, yeye anasema "queue", na inatamkwa kyu, herufi zote zilizobaki ni za macho tu.

Nitakaa zaidi kwenye masikio, kwa sababu ndipo wasafiri wengi wa hapa wanapokwama, hata waliofaulu Kiingereza shuleni. Kiswahili chetu kinaipa kila silabi haki yake, na mkazo unakaa mahali pamoja, silabi ya pili toka mwisho: ki-TA-bu, sa-FA-ri. Ukisema sta-KA-badhi mtu anacheka, maana sote tunajua ni staka-BA-dhi. Kiingereza hakina usawa huo. Neno moja linabebwa juu, yanayolizunguka yanamezwa. "How long are you going to stay?" kwa ulimi wa ofisa aliyechoka inatoka kama "haulong" ikifuatiwa na mvumo, kisha "stei". Ukijaribu kukamata kila neno, utazama. Kamata yaliyo juu: "how long" na "stay". Umeelewa swali zima: utakaa muda gani. Jibu: "Six weeks." Maswali ya dirisha lile yana vichwa vichache: "why", kwa nini, "how long", muda gani, "where", wapi, "who", nani. Sikio likikamata kichwa, jibu unalo daftarini.

Mkazo huo huo ndio unaoleta msiba wa namba. "Fifteen", 15, Mwingereza huubeba mwisho: fif-TIIN. "Fifty", 50, anaubeba mwanzo: FIF-ti. Sisi kwa mazoea yetu tunaweka mkazo silabi ya pili toka mwisho, na neno likiwa na silabi mbili hiyo ndiyo ya kwanza, kwa hiyo 15 yetu inatoka kama 50 yao. Geti la 13 na geti la 30 katika uwanja mkubwa vinaweza kutenganishwa na mwendo wa robo saa, au hata na treni ndogo ya ndani. Usibahatishe. Uliza: "One three, or three zero?" Hakuna atakayekushangaa. Na usitegemee kutangaziwa: viwanja vingi vikubwa siku hizi havitangazi kila safari kwa kipaza sauti, vinakutaka utazame skrini. Neno "gate" likitokea mbele ya namba ya ndege yako, inuka.

Sasa saa. Hapa mama nakuomba utulie, kwa sababu hili halimo katika orodha yoyote ya maneno niliyopata kuiona. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kuchwa na kucha. Skrini ikiandika 16:25, toa sita: saa kumi na dakika 25 jioni. Ikiandika 10:00, toa sita: saa nne asubuhi. Kuanzia 19:00 toa kumi na nane, na kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita. Kama hesabu inakuchosha, chora saa ya mshale na uangalie namba iliyo ng'ambo: nne inatazamana na kumi, tatu inatazamana na tisa. Ukikaa ndani ya treni mtu akakwambia "half ten", anamaanisha 10:30, saa nne na nusu kwetu. Wanaacha neno la katikati.

Gumu kuliko yote ni tarehe. Ndege nyingi za kimataifa zinaondoka Dar usiku. Tuseme tiketi yako imeandikwa Jumamosi, 00:40. Kwa lugha yetu huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani unatakiwa uwe uwanjani Ijumaa, kama saa tatu na nusu usiku. Mzee mmoja wa hapa Ngamiani, mwanafunzi wangu, aliisoma tiketi ya namna hiyo akajiandaa kuondoka Tanga Jumamosi asubuhi. Aliponionyesha begi lake ndege ilikuwa imeshapaa saa kadhaa. Alikuwa anajua maneno mengi ya Kiingereza kuliko wewe. Tiketi yako ikifika, ichukue kalamu, uandike juu yake kwa Kiswahili: siku gani naondoka Tanga, saa ngapi natakiwa niwe uwanjani. Kisha umtumie mwanao picha athibitishe.

Kuna jambo jingine dogo linalowaponza watu wa adabu kama wewe. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Huna mzigo mwingine?", nawe huna, unajibu "Ndiyo, sina" au "Ehe". Unaikubali kauli ya aliyeuliza. Kiingereza hakifanyi hivyo. Ofisa akisema "You don't have any other bags?" ukajibu "Yes", yeye anasikia kwamba unao. Atauliza uko wapi, utashtuka, naye ataanza kukutazama kwa jicho jingine. Dawa yake ni kutotegemea "yes" na "no" tupu. Jibu na kauli nzima fupi: "Only this one." Na ukipewa chakula ndani ya ndege, usiseme "thank you" peke yake kwa kukataa kama tunavyosema ahsante. Sema "No, thank you", au "Yes, please". Kuomba nako, "Give me water" inakwaruza masikio yao, "Can I have some water, please?" ndiyo naomba maji.

Dirisha la uhamiaji London. Utaulizwa sababu ya safari: "I am visiting my son. I am on holiday." Neno "holiday" hapa ni likizo, matembezi, sisi tumezoea kulitumia kwa sikukuu za taifa, lakini hapo liko sawa kabisa. Kuna swali linaloteleza: "What do you do?" Haulizi unafanya nini sasa hivi. Anauliza kazi yako. "I sell cloth in the market, in Tanzania." Nakushauri usijibu "business" kwa mkato, maana asiyekusikia vizuri atadhani umekuja Uingereza kibiashara, na swali moja litazaa matano. Sema ukweli, kwa ufupi, na uwe na karatasi mkononi, siyo ndani ya begi kubwa: jina la mwanao, anwani yake, simu yake, tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo inaongea Kiingereza kizuri kuliko sote wawili.

Baada ya kuchukua begi kwenye "baggage reclaim", utaona "customs". Kamusi itakwambia "custom" ni desturi. Hapo ni forodha. Na kama ulikuwa umepanga kumpelekea samli au nyama ya kukausha, iache. Uingereza hairuhusu msafiri kutoka kwetu aingize nyama wala maziwa na vitokanavyo navyo.

Treni ni safari nyingine kabisa, na ajabu ni kwamba watu wa Tanga tumezaliwa na reli: ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa hapa mwaka 1893. Toka uwanja wa Heathrow kuna treni ya chini ya ardhi, "Underground", njia ya Piccadilly, inayokufikisha King's Cross bila kubadilisha. Hapo ndipo penye treni za Leeds. Simama ukumbini utazame ubao mkubwa. Namba ya "platform", yaani jukwaa, mara nyingi hutokea dakika chache tu kabla ya kuondoka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi ukiona haipo. Maneno matatu ya ubao huo: "on time", iko kwa wakati, "delayed", imechelewa, "cancelled", imefutwa. Ukisikia "calling at", vinavyofuata ni vituo itakakosimama, kama Doncaster na Wakefield. Sikiliza jina lako la Leeds litajwe. Behewa wanaliita "coach" au "carriage", na "coach" hilo hilo nje ya stesheni ni basi la masafa. Kabla ya kuingia muulize yeyote aliyevaa sare: "Is this the train to Leeds?" Sentensi hiyo moja inashinda maneno yote ya karatasi ya mpwa yanayohusu reli.

Na mwambie mwanao hili kabla hajakata tiketi ya treni. Kuna tiketi ya bei nafuu inayoitwa "Advance", inayofaa kwa treni moja tu iliyoandikwa. Ndege yako ikichelewa, au uhamiaji kukawa na watu wengi, tiketi hiyo imekufa. Ni heri aongeze fedha akununulie inayokuruhusu kupanda treni nyingine siku hiyo.

Umeniuliza uanzie wapi. Mimi ningefanya hivi. Asubuhi kituo kimoja cha safari, maneno yasizidi sita, kwa sauti. Jioni funga daftari ujiulize mwenyewe kwa Kiswahili: begi la mkononi wanaliitaje? Ukikwama, ngoja kidogo kabla ya kufungua. Ile jitihada ya kutafuta ndiyo inayokaza fundo, kusoma tena na tena hakukazi. Kesho yake rudia la jana, kisha rudia baada ya siku tatu, baada ya wiki, ndipo uliache. Mwanao naye ana kazi: akutumie sauti kwa WhatsApp, sentensi moja kila siku, kwanza polepole, kisha kwa kasi ya kule. Akipita stesheni ya Leeds anyamaze tu arekodi tangazo. Sauti hiyo yenye makelele ina faida kuliko filamu, ambayo watu wake wanaongea mambo yasiyokuhusu.

Ukipata nafasi ya kwenda Dar kabla ya safari, panda treni ya SGR hadi Morogoro urudi. Tangu ianze Juni 2024 nimewashauri wanafunzi wangu wengi kufanya hivyo. Utapitisha begi kwenye mashine, utaonyesha tiketi getini, utatafuta namba ya behewa na ya kiti. Mwili ukishazoea hatua hizo kwa Kiswahili, kule utabakiwa na kazi ya lugha peke yake.

Programu ya kutafsiri kwenye simu ni msaada, sikatai. Ipakue lugha ya Kiswahili na ya Kiingereza kabla, ili ifanye kazi bila intaneti, na uitumie kusoma mabango kwa kamera. Kuzungumza kwa kupokezana simu kwenye kelele kunachosha na kunakosewa, na madirisha ya uhamiaji mara nyingi yana bango la kukataza simu. Nafasi ya pili ni msaada wa uwanjani. Wakati wa kununua tiketi, mwambie wakala aombe "assistance" kwa sababu ya umri na magoti, kama magoti yanakusumbua kweli. Atakayekuja na kiti cha magurudumu atakupeleka hadi geti la ndege ya pili. Iombwe mapema, angalau saa 48 kabla. Mama zetu wengi wanaona haya kukaa kwenye kiti kile. Usione haya, kubadilisha ndege ndiyo sehemu inayopoteza watu.

Yapo ambayo maandishi yangu hayayawezi. Kama hata Kiswahili cha redioni unakisikia kwa kukata kata, au wajukuu wanakurudia maneno, nenda hospitali ya Bombo wakupime masikio kabla ya kununua kitabu chochote, na macho pia, maana skrini zile ziko juu. Fomu za viza usizijaze kwa kubahatisha, na vyeti vyako vilivyo kwa Kiswahili vinahitaji mtafsiri anayeweka jina lake, sahihi, tarehe na mawasiliano. Mpwa hawezi kazi hiyo. Na kama baada ya wiki nne za daftari bado unaganda ukisikia swali, tafuta mwalimu wa ana kwa ana, saa moja mara mbili kwa wiki, tena umwambie wazi kwamba hutaki sarufi. Unataka akae nyuma ya meza ajifanye ofisa, akuulize kwa haraka, akukatize, akuulize kwa namna nyingine. Mara ya kwanza utatoka jasho. Kufikia mara ya sita utakuwa unamjibu huku unakunja vitenge.

Kesho asubuhi anza na kaunta ya mizigo. Maneno matano tu: "passport", "ticket", "bag", "boarding pass", "gate". Matatu kati ya hayo unayo tayari.